Jenerali Aliyebebwa Mgongoni

Babu yangu mzaa mama alimbeba jenerali wa Kifaransa mgongoni akamvusha mto, na kwa sababu hiyo njia yetu ya Namuwongo, hapa Kampala, leo ina jina la jenerali. Nikisema hivyo watu hudhani nimeruka sehemu fulani ya habari. Sijaruka kitu. Ndivyo mambo yalivyokwenda, na nitayaeleza polepole, maana nikiyaeleza haraka nakasirika, na nikikasirika mke wangu hunikumbusha kwamba mtu wa miaka hamsini na kitu hapaswi kugombana na nguzo ya barabarani.

Babu alikuwa askari wa Mwingereza. Sisi ni wale Waislamu ambao wazee wao waliletwa Uganda kutoka Sudani wakiwa na bunduki begani, na tangu hapo kila serikali hutukumbuka inapotafuta mtu wa kusimama getini. Kiswahili chetu ni cha kambini. Mama alikikuta huko, mimi nikakipata kwake, na Waganda majirani zetu wakitusikia bado hushtuka kidogo, wakidhani tumekuja kumkamata mtu.

Katika Vita Kuu ya Pili babu alipelekwa Bukini, kisiwa ambacho siku hizi kila mtu anakiita Madagaska. Kazi yao huko ilikuwa kuwatoa Wafaransa. Walipokwisha kuwatoa, wakaambiwa wangoje Wafaransa wengine waje kukabidhiwa kisiwa. Babu alilisimulia jambo hili kwa uso mkavu kabisa. Wale wa kwanza walikuwa wabaya, alisema, na hawa wa pili walikuwa wazuri, na kofia zao zilikuwa zilezile.

Jenerali alikuja pamoja na hao wazuri. Daraja lilikuwa limevunjwa, mto ulikuwa wa kufika mapajani, na jenerali alikuwa amevaa buti zinazong'aa. Ofisa mmoja wa Kiingereza akatazama mstari wa askari, akamwona babu ambaye alikuwa mrefu kupita wote, akamnyooshea kidole. Babu akainama, jenerali akapanda. Alikuwa mzito, na medali zake zilimkwaruza babu shingoni mpaka ng'ambo. Huko jenerali akateremka, akanyoosha koti, akampiga babu bega mara mbili na kwenda zake.

"Hakuniuliza jina," babu alimalizia hivyo siku zote. Hakulalamikia uzito, hakulalamikia mshahara, wala hakulalamikia kwamba alipewa vita ambavyo havikumhusu. Nilipokuwa mtoto nilimuuliza kwa nini jambo dogo hivyo linamsumbua. Akanitazama kama mtu anayetafuta mahali pa kuanzia. "Mtu akikupanda mgongoni," akasema, "angalau ajue amempanda nani." Halafu akaomba chai.

Alifariki kabla sijaota ndevu. Tulimzika kwa desturi yetu, tuta la udongo na jiwe lisilo na maandishi, na miaka ilivyokwenda makaburi yakajazana hata mama hakuweza tena kulitambua tuta lake. Kila Idi tunakwenda, anachagua moja linaloelekea kuwa lenyewe, anasoma dua, na njiani tunaporudi anasema pengine lilikuwa lile la pili yake. Karatasi za jeshi za babu ziliungua mwaka ule watu wetu walipokimbia Kampala baada ya serikali kuanguka. Picha hana. Ukitaka kujua kama mtu huyo aliwahi kuishi, itakubidi umuulize mama.

Na mama sasa ana miaka themanini na ushei. Ana kisukari, ana goti moja zima, na alikuwa na jambo moja tu alilolitaka kabla hajaondoka: aone jina la baba yake limeandikwa mahali. Alishasema popote patamtosha. Nilimwambia siku moja kwamba mimi ni fundi chuma, naweza kuliandika kwenye geti letu. Akanijibu kwamba geti ni letu wenyewe, na mtu kujiandika mwenyewe si heshima, ni matangazo.

Kwa hiyo jiji lilipotoa agizo kwamba kila njia ipewe jina, mama alikaa wima kitandani. Njia yetu haikuwa na jina. Ilikuwa na maelekezo. Ulimwambia boda akupeleke kwenye kontena la bluu, upande wa reli, na kama kontena limefungwa aulize kwa mama wa chapati. Sasa kamati ya mtaa ikaletewa fomu yenye nafasi mbili: jina linalopendekezwa, na sababu ya kumheshimu mhusika. Kila mkazi aliruhusiwa kuleta pendekezo.

Mama alitaka kila kitu kiwe sawasawa. Akamwita binti yangu, ambaye ni muuguzi na hana muda, akamwambia amtafute jenerali kwenye simu ili kamati isidhani tunatunga. Binti akamtafuta kwa jina lile babu alilokuwa akilitamka, na kwa mara ya tatu akampata. Bannange, jamani, mtu huyo aliheshimiwa. Alikuwa na mitaa katika miji mingi ya kwao, na uwanja, na shule, na daraja. Alikuwa na meli ya kivita. Ile meli ilipozeeka wakaikata vipande, kisha wakaunda nyingine na kuibandika jina lilelile.

"Meli," mama akasema.

"Ndiyo, bibi. Mbili."

"Yule aliyeogopa kulowa miguu?"

Tulicheka hadi mama akakohoa. Mimi nilibaki nikiwaza ile meli ya kwanza. Kazi yangu ni chuma, najua chuma kilichokatwa hakipotei, huyeyushwa kikawa kitu kingine. Kwa hesabu hiyo, jenerali pengine yumo hata kwenye bawaba za mageti ninayoyachomelea. Sikumwambia mama.

Nilikuwa na uhakika tutashinda. Nilikuwa na uhakika kiasi kwamba wiki moja kabla ya mkutano nilikata bati zito, nikalipiga msasa, nikalipaka rangi nyeusi, na juu yake nikaandika jina la babu kwa rangi nyeupe, herufi za kusimama. Mama alipitisha kidole juu ya kila herufi. Rangi ilikuwa bado haijakauka vizuri, na mpaka leo kuna alama ya kidole chake kwenye herufi ya mwisho.

Mkutano ulifanyika nje ya duka la mwenyekiti wa mtaa. Anauza misumari, rangi na mabomba, ni mtu mwema, na ana viatu ambavyo sijawahi kuviona na vumbi ingawa tunaishi mtaa mmoja. Mapendekezo mengine yalikuwa dhaifu. Mmoja alitaka njia iitwe jina la timu yake ya mpira, akazomewa. Kisha mama akasimama akiegemea fimbo, na akasimulia habari ya mto.

Kosa letu lilikuwa hilo: alisimulia vizuri mno. Alieleza daraja lililovunjika, buti, medali. Alipofika kwenye meli mbili na mitaa na uwanja, watu walikuwa wamesogeza viti. Aliposema kwamba jenerali hakuuliza jina, walitikisa vichwa kwa huruma, kisha wakaendelea kuuliza kuhusu meli.

Mwenyekiti akasimama. "Hajati," akasema kwa heshima zote, "tunakushukuru sana kwa kutuletea huyu jenerali."

"Mimi nimewaletea baba yangu," mama akasema.

"Ndiyo, Hajati. Na kupitia yeye, jenerali." Akageukia watu. "Ndugu zangu, tuseme ukweli. Hii njia ikiitwa jina la askari wa kawaida, ambaye hana hata nyota, nani atatuletea lami? Lakini jenerali hawezi kuachwa kwenye tope. Mmewahi kuona wapi, hapa Uganda, jenerali anakaa kwenye barabara mbovu?"

Watu wakatazamana, na ndipo nilipojua tumekwisha. Kila mtu katika mji huu anajua nyumba ya jenerali fulani, na lami inayofika mpaka getini kwake na kukomea hapo. Mtaro wetu umeziba tangu nikiwa kijana, mvua ikinyesha dakika ishirini tunaishi ziwani, na hapa palikuwa na jenerali wa bure, tena wa nje, ambaye kwao wanampa mpaka meli.

Tulipiga kura kwa desturi ya mtaa, yaani kwa mistari. Anayemtaka fulani asimame nyuma yake, watu wahesabiwe mchana kweupe. Mama alisimama mbele ya mstari wa babu. Nyuma yake nilikuwa mimi, mke wangu, fundi cherehani Mkongo ambaye mama humpelekea futari, na mama wa chapati. Kwa kuwa jenerali hakuwepo, walimwekea kiti cha plastiki. Mstari nyuma ya kile kiti ulikwenda mpaka ukapinda kwenye reli. Nimeshindwa vitu vingi maishani, lakini kushindwa na kiti kulinikera kwa namna ya peke yake.

Mama hakulia pale. Alifika nyumbani, akalitazama lile bati nililoliandika, akaliweka juu ya pipa la maji liwe kifuniko, upande wa jina ukiwa chini. "Asilisome mtu," akasema. Kwa miezi kadhaa tukachota maji chini ya jina la babu, na kila nilipokiinua kile kifuniko nilitazama pembeni.

Baada ya siku tatu mwenyekiti akaja karakana kwangu kuniagiza kibao cha jenerali. Nilimfukuza. Nilimwambia maneno ambayo sitayarudia, na nikawasha grinda, ile mashine ya kukatia chuma, ili nisisikie majibu yake. Mama alipopata habari akaniita.

"Kitengeneze," akasema.

"Mama, wametudharau."

"Wametudharau, ndiyo. Sasa unataka pia waseme mjukuu wake hajui kazi?"

Basi nikakitengeneza. Nguzo ya inchi tatu, miguu ya kufukia kwenye zege, kibao nikakichomelea juu kabisa ya nguzo. Nilinakili jina la jenerali herufi kwa herufi kutoka kwenye simu ya binti, pamoja na vile vialama vyao vinavyokaa juu ya herufi kama nzi. Ni kazi nzuri. Inanikera kusema hivyo, lakini ni nzuri.

Mwenyekiti hakuridhika na kibao tu, alitaka na Mfaransa. Lami haiji yenyewe, alisema, lazima kuwe na picha. Akaulizia huku na huko, akampata mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyekuja Kampala kumtembelea binti yake anayefanya kazi hapa. Yule mzee hakuwa na cheo chochote. Lakini alikozaliwa na anakoishi mpaka leo ni mtaa wenye jina la jenerali huyohuyo, na kwa mwenyekiti hilo lilitosha kuwa undugu. Siku ikapangwa. Kukawa na maturubai, spika mbili, na utepe kwenye nguzo yangu.

Mvua ilianza wageni wakiwa njiani. Haikuwa kubwa, lakini kwetu haihitaji kuwa kubwa. Gari lililomleta yule mzee lilipofika kwenye kontena la bluu, njia yote kati ya kontena na nguzo ilikuwa maji ya rangi ya chai ya maziwa, ya kufika magotini, yenye chupa za plastiki zikielea. Hapo ndipo vijana wetu hupata kazi. Mvua ikinyesha hukunja suruali na kuwabeba watu mgongoni kutoka upande hadi upande, makarani, akina mama wenye vitenge vizuri, hata shehe. Mwenyekiti mwenyewe alishabebwa mapema, viatu vikiwa vimening'inia mkononi.

Mzee Mfaransa alikuwa amesimama ng'ambo akikunja suruali yake. Alitaka kupita kwa miguu. Mwenyekiti akampigia kelele kutoka upande wetu kwamba haiwezekani, mgeni halowi. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni petu, hatua chache kutoka kwenye nguzo. Alikuwa ameapa hatahudhuria, na alikuwa akihudhuria kutokea hapo.

"Nenda kambebe wewe," akaniambia.

Nilidhani kisukari kimempanda. "Mimi? Tena? Ukoo wetu hauna kazi nyingine?"

"Nenda," akasema. "Wewe una mdomo. Baba yangu alikuwa chini ya amri."

Nikaingia majini na hasira yangu. Nikafika ng'ambo, nikageuka, nikainama, nikamwambia kwa Kiingereza apande. Aliomba radhi mara tatu, akapanda. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea, mifupa na koti. Nikapiga hatua kumi za mwanzo. Nilikuwa nikifikiria mapaja ya babu katika ule mto, na shingo yake, na bega lake likipigwa mara mbili. Katikati ya maji nikasimama.

"Kuna tatizo?" mzee akauliza sikioni mwangu.

"Hakuna. Nataka ujue jina."

"Jina lako?"

"La babu yangu. Alimbeba jenerali wenu hivihivi. Hakuulizwa."

Maji yalinizunguka magoti. Kule kwenye maturubai mwenyekiti alikuwa akinipungia mkono nisogee, akidhani nimekanyaga chupa. "Si jenerali wangu," mzee akasema hatimaye. "Nimeishi kwenye mtaa wake miaka yote na sijawahi kuuliza alikuwa nani. Niambie jina la babu yako."

Nikamwambia. Akalijaribu taratibu.

"Kwa sauti," nikasema. "Mama yangu yuko kule mlangoni. Hasikii vizuri."

Nilikuwa nimeamua kwamba asipolisema hatutoki, tutakesha pale wote wawili, na nadhani mikono yangu ilimweleza hivyo. Lakini hakuhitaji kulazimishwa. Alivuta pumzi, nikaihisi mbavuni mwake, akalipaza lile jina juu ya kichwa changu, mara moja, halafu mara ya pili kwa nguvu zaidi. Watu kwenye maturubai wakageuka. Mama wa chapati, aliyekuwa na mwavuli, akalirudia. Na wale waliokuwa wamesimama nyuma ya kiti cha plastiki siku ya kura nao wakalirudia, maana Kampala mtu akitaja jina kwa sauti namna ile, wote hudhani anaitwa mtu aliyepotea na husaidia kumwita.

Nilimtua mbele ya mlango wetu. Mama alikuwa amefunika mdomo kwa ncha ya mtandio, na machozi yanateremka bila yeye kuyafuta.

"Kalitamka vibaya," akaniambia kwa Kiswahili chetu. Akavuta pumzi. "Lakini kalitamka."

Sherehe ilifanyika. Mzee alipopewa kipaza sauti alisema hana la kusema kuhusu jenerali, isipokuwa kwamba amejua leo jinsi alivyovuka mto. Mwenyekiti alipiga makofi na kuvitazama viatu vyake. Lami haijaja. Mtaro umeziba vilevile.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta mama ameliinua lile bati kutoka kwenye pipa na kulifuta kwa kanga. Kutu ilikuwa imeanza pembeni, lakini herufi zilikuwa nzima, pamoja na alama ya kidole. "Kachomelee," akasema. Sikumuuliza wapi. Nilibeba mashine ya kuchomelea mpaka kwenye nguzo, na mwenyekiti akanitazama kutoka dukani kwake, kisha akaniletea waya wa umeme.

Nguzo haikuwa na nafasi juu, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimekipachika kibao cha jenerali kwenye ncha. Nikalichomelea la babu chini yake. Nilipovua miwani na kurudi nyuma hatua mbili ndipo nilipoona nilichofanya. Jenerali juu, babu chini. Nguzo ileile, uzito uleule. Hasira ikanipanda mpaka masikioni, nikaifuata grinda nikate vyote viwili nianze upya.

Mama alikuwa ameshafika, na fimbo yake. Alisoma kibao cha juu, akasoma cha chini, akakigusa kikiwa bado cha moto na kuurudisha mkono.

"Acha hivyohivyo," akasema. "Ndivyo ilivyokuwa. Ila sasa kila anayepita atasoma jenerali amebebwa na nani."